Kagera Juu ya Meza ya Chakula: Mafunzo Niliyopata kwa Kuunda Modeli za Vita

Picha za vifaru vya Kijerumani vya Vita vya Pili vya Dunia zinatosha kujaza kabati. Za Type 59 ya Jeshi la Wananchi ikiwa njiani kuelekea Masaka mwaka 1979 ni chache mno. Ninaunda modeli za plastiki, za vifaru na ndege, jioni baada ya kazi, kwenye meza ambayo mchana ni ya chakula, na kwa miaka kadhaa sasa nimejifunga na Vita vya Kagera peke yake, vile vya Tanzania dhidi ya Uganda ya Idi Amin. Watu wakisikia huuliza kama ni midoli. Siwabishii. Haya hapa chini ni mambo niliyojifunza, na nimeyapa namba kwa ajili ya urahisi tu. Hayakunijia kwa mpangilio huo.

1. Boksi huja na vita vyake

Skeli tunazozitumia hazikutungwa na wanahistoria. Ile ya 1/72 ni hesabu ya Waingereza: inchi moja kwa futi sita. Ile ya 1/35 ilitoka Shizuoka, Japani. Kampuni ya Tamiya ilipotengeneza modeli ya kifaru cha Panther mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilitaka kitembee kwa mota, kwa hiyo ukubwa wa bodi ukaamuliwa na nafasi ya kutia betri. Walipokuja kupima wakakuta ni kama 1/35. Ikabaki hivyo, na viwanda vingine vikafuata.

Kwa hiyo ukifungua boksi unapokea uamuzi wa mtu mwingine, tangu ukubwa hadi rangi. Karatasi ya maelekezo inakwambia kifaru hiki ni cha Moscow, cha Misri au cha Vietnam. Stika zilizomo ni za majeshi hayo hayo. Ukitaka kifaru kilichokanyaga udongo wa Kyaka, plastiki utaipata, lakini maelekezo utayaandika mwenyewe. Plastiki ipo kwa sababu silaha zilizotumika Kagera zilitumika nusu ya dunia: Tamiya wana T-55, Trumpeter wana Type 59 na gari la maroketi la BM-21, kifaru chepesi cha Type 62 kipo pia, na Eduard wa Jamhuri ya Czech wana MiG-21 nzuri kuliko zote nilizowahi kushika.

Upande wa Tanzania walikuwa na vifaru vya Kichina, Type 59 na Type 62. Upande wa Idi Amin kulikuwa na T-55 za Kisovieti, Sherman za Kimarekani zilizopitia Israeli, na magari ya deraya ya OT-64. Hapo ndipo ugomvi wa mwundaji modeli unapoanzia, maana Type 59 ni mtoto wa T-54, na T-55 ni mdogo wake T-54. Wanafanana kama ndugu wa tumbo moja.

2. Macho hufanya kazi kabla ya gundi

Tofauti ya haraka iko juu ya kichwa cha kifaru, kile kinachozunguka na mzinga. T-54 na Type 59 zina kibonge cha duara kama uyoga, kifuniko cha feni ya kutolea moshi wa baruti. T-55 haina. Ukijua hilo tu, picha mbovu ya gazeti, yenye ukungu na mikwaruzo, inaanza kusema kifaru hicho kilikuwa cha nani.

La pili ni minyororo. Vifaru vya ukoo huu havina vile vigurudumu vidogo vya juu vinavyobeba mnyororo unaporudi mbele. Mnyororo unalala wenyewe juu ya magurudumu matano makubwa, unabonyea katikati, na pengo kati ya gurudumu la kwanza na la pili ni kubwa kuliko mengine. Mnyororo wa raba unaokuja kwenye maboksi ya zamani hukakamaa, ukapita hewani umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, na hapo kifaru chote kinakosa uzito. Lazima uushushe na kuugandisha juu ya kila gurudumu. Siku hizi hununua minyororo ya vipande, kipande kimoja kimoja, nikaiunganisha kwa gundi nyepesi na kuilaza kabla haijakauka. Ni kazi ya kuchosha kuliko zote, na ndiyo inayofanya tani 36 zionekane ni tani 36.

Lakini picha zina mwisho wake. Jirani yangu mmoja, mzee mstaafu, aliendesha lori la jeshi katika vita hivyo. Nilimpelekea Type 59 yangu ya kwanza niliyoridhika nayo. Nikamwamkia, akaitikia, akaivua miwani, akaivaa tena, akakizungusha kifaru polepole juu ya trei.

"Kizuri," akasema. "Sasa mwanangu, hawa watu wako walikuwa wanalala wapi?"

Sikumwelewa. Akaanza kuhesabu kwa vidole: turubai, madumu ya maji, sufuria, kuni zilizofungwa kwa kamba ili mvua isizilowanishe zote, gunia. "Kifaru ni nyumba ya watu, hicho ulicholeta hakina hata ndoo."

Tangu hapo nimejifunza kutengeneza vyombo. Turubai ni karatasi laini ya shashi iliyolowekwa kwenye gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa kwa maji; inakunjwa ikiwa mbichi na ikikauka inashika mikunjo. Sufuria ni kipande cha foili kilichokandamizwa juu ya ncha ya kalamu: sufuria ya sentimita 35 inakuwa sentimita moja. Kamba ni uzi wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme wa zamani. Antena ni plastiki ya fremu iliyopashwa juu ya mshumaa hadi ikalegea, ikavutwa taratibu. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichotoka kwenye boksi, na wageni huvitazama kabla ya mzinga.

3. Chembe ya mchanga ni jiwe

Kila unachokiweka kwenye modeli kizidishe. Chembe ya mchanga ya nusu milimita, kwenye 1/35, ni kokoto ya karibu sentimita mbili. Mstari wa maungio ya bati kwenye bawa la ndege ya 1/72, ukiwa na upana wa milimita 0.3, ni ufa wa zaidi ya sentimita mbili. Rubani asingekubali kupanda. Rangi nene ya sehemu moja ya kumi ya milimita ni lipu ya milimita saba.

Hesabu hii ilibadilisha mikono yangu kuliko kitabu chochote. Udongo halisi nauchekecha kwa kitambaa cha soksi za wanawake na nachukua unga unaopita tu. Rangi nazimua hadi ifanane na maziwa, nikapiga mikono mingi myepesi. Mistari ya ndege naijaza wino wa kijivu badala ya mweusi, ili jicho lihisi mstari upo bila kuuona ufa.

4. Unyevu wa Pwani hauko kwenye maelekezo

Vitabu vyote vinaandikwa na watu wanaopaka rangi kwenye vyumba vikavu. Dar es Salaam mwezi Machi, rangi ya maji hukauka kwenye ncha ya bunduki ya rangi kabla haijafika kwenye plastiki, na vanishi yenye thina kali inageuka weupe kama ukungu, kwa sababu thina ikiruka inapoza uso na unyevu wa hewa unaganda humo. Dawa ni kuongeza dawa ya kuchelewesha ukaukaji, kumwaga maji yanayojikusanya kwenye mrija wa kompresa, na kupaka alfajiri ya siku kavu. Jioni ya mvua nakata na kupiga msasa tu.

Msasa nanunua kwenye maduka ya rangi za magari, namba 1000 kwenda juu. Mafundi rangi wa gereji ndio walimu wangu wa karibu. Wanajua praima kuliko mtu yeyote anayeandika kuhusu modeli. Ila barakoa yao, ile ya kitambaa, usiiige. Mvuke wa thina unataka ile yenye makopo ya mkaa, na dirisha wazi.

5. Vumbi letu ni jekundu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo modeli nyingi za Afrika zinapoharibika, hata zile zinazoshinda mashindano Ulaya.

Desturi ya kuchakaza modeli ilienezwa na mafundi wakubwa: François Verlinden wa Ubelgiji, Shepard Paine wa Marekani, baadaye Mig Jiménez wa Hispania aliyeyapa nguvu matumizi ya poda za rangi. Nawaheshimu wote. Lakini vumbi lao ni la Ulaya, la rangi ya biskuti. Chupa zenyewe zinauzwa kwa jina hilo. Ukilitia kwenye kifaru cha Kagera umekihamisha bara.

Udongo wa nyanda zile, kuanzia Bukoba hadi ndani ya Uganda, una chuma kilichopata kutu, na ndicho kinachoupa wekundu. Ukikauka unakuwa kama matofali yaliyosagwa. Ukilowana unakaribia kahawia ya damu. Jeshi lilisonga kuelekea Kampala kuanzia Januari hadi Aprili 1979, na kuanzia Machi masika yalikuwa yameanza. Maana yake kifaru kimoja kinabeba vyote viwili: vumbi kavu juu, tope bichi chini. Nachanganya poda ya rangi ya matofali na kidogo ya chungwa kwa juu. Chini naweka poda hiyo hiyo na rangi ya mafuta ya kahawia, plasta laini kidogo, na tone la vanishi inayong'aa mahali maji yalipotuama.

Halafu fikiri jinsi watu wanavyoishi na gari. Dereva na kamanda hupandia mahali pale pale, kwa hiyo pale vumbi limefutika na kijani kinaonekana, tena kimepauka kwa jua. Ekzosi ya Type 59 iko upande wa kushoto, juu ya madigadi. Masizi yawe kushoto tu. Mnyororo unang'aa pale unapokanyaga na hauna kutu nyingi kama wengi wanavyopaka, kwa sababu unasuguliwa kila siku. Kifaru kilicho kazini hakina muda wa kuoza. Ninapoona modeli iliyomwagiwa kutu kila kona huwa najua mwenyewe alipenda chupa ya kutu kuliko alivyopenda kifaru.

Kijani chenyewe hakina jibu moja. Hutengenezwa kiwandani kikiwa kimoja, kisha jua na mvua hukigawa. Naanza na kijani cha zeituni, naongeza rangi ya ngozi ya XF-57 ya Tamiya kidogo kidogo kwa sehemu zinazotazama juu, na kuacha pembeni kukiwa na giza zaidi.

6. Ngozi nyeusi haichorwi kwa kuitia giza ngozi nyeupe

Askari wanaokuja kwenye maboksi ya 1/35 wana kimo cha sentimita tano hivi, na nyuso zao ni za Wajerumani, Warusi na Wamarekani. Maelekezo ya kupaka uso huanza na rangi ya waridi, kisha wanakwambia "kwa askari wa Kiafrika tumia kahawia." Ukifuata hivyo unapata sanamu la udongo lisilo na uhai.

Niliacha vitabu nikaanza kutazama watu kwenye daladala, kwa adabu lakini kwa makini. Mwanga hauipaki ngozi yetu rangi ya krimu. Paji la uso na mfupa wa shavu hupata mng'ao wa ubaridi, karibu na samawati, hasa mtu akiwa ametoka jasho. Nyama ya shavu ina wekundu wa ndani. Vivuli vya chini ya kidevu na pembeni ya pua vinaelekea zambarau. Viganja na midomo vina joto na weupe wake. Kwa hiyo msingi wangu ni kahawia nzito yenye tone la nyekundu. Juu naongeza chungwa na udongo wa manjano, kamwe si nyeupe. Vivuli natia zambarau na samawati nzito. Mwisho vanishi ya nusu mng'ao, kwa sababu ngozi iliyokauka kabisa kama chokaa ni ya mgonjwa. Na watu kumi kwenye gari moja wana weusi kumi tofauti, kwa hiyo kila askari ana kisahani chake cha rangi.

Pua na midomo hurekebishwa kwa ncha ya kisu na puti, chini ya kioo cha kukuzia. Ni kazi ya dakika, lakini bila hiyo unakuwa umempaka Mjerumani rangi.

Askari wangu wengi hawapandi kifaru. Wanatembea kandokando yake, kwa sababu sehemu kubwa ya jeshi lililotoka Kagera ilifika Kampala kwa miguu.

7. Maiti siweki

Ni uamuzi wangu, na najua wenzangu wasiokubaliana nao. Plastiki ya maiti inauzwa, na mwenye ufundi anaweza kuipaka vizuri mno. Lakini waliokufa katika vita hivi, wa pande zote mbili, wana ndugu walio hai, baadhi yao wanaishi mitaa ninayoishi mimi. Tandiko lililoachwa barabarani linatosha. Yule mzee wangu alipoona kwa mara ya kwanza mandhari ya daraja la Kyaka lililovunjwa, aliuliza jambo moja tu, kama kuna mtu chini ya maji. Nikamjibu hakuna. Akaomba chai.

8. Ndege huficha makosa vibaya kuliko kifaru

Fupi hapa, maana mimi ni mtu wa vifaru. MiG-21 iliyopakwa rangi ya alumini haina mahali pa kuficha alama ya kidole wala maungio yasiyosafishwa. Piga nyeusi inayong'aa kwanza, ikauke siku nzima, ndipo alumini ipite juu yake kama pumzi. Stika ziwekwe juu ya uso unaong'aa tu, kwa sababu uso wenye chenga unashika hewa chini ya stika na kuleta weupe. Bawa zima la ndege hii, kwenye 1/72, ni sentimita kumi ncha hadi ncha, kwa hiyo haidai nafasi.

Inayodai nafasi ni Tu-22, ndege kubwa ya Libya iliyotumwa kumsaidia Amin kwa kuipiga Mwanza, mabomu yakaishia kisiwa cha Saanane na kuua swala. Kwenye 1/72 inafika sentimita 58. Mke wangu ameshapima kabati na kutoa hukumu.

9. Kamera ni jicho la askari mwenye sentimita tano

Modeli nzuri inauawa na picha iliyopigwa kwa kusimama. Ukiitazama kutoka juu, umekuwa ndege au jitu. Macho ya mtu aliyesimama yako kama mita 1.6 kutoka ardhini. Kwenye 1/35 hiyo ni sentimita nne na nusu, kwenye 1/72 ni sentimita mbili na kidogo. Lenzi ikae hapo. Kifaru kinakutisha mara moja.

Simu inafaa kuliko watu wanavyodhani. Kihisi chake ni kidogo, kwa hiyo kinashika ukali mbele hadi nyuma bila shida. Usiisogeze puani mwa kifaru, lakini: lenzi pana ikiwa karibu huvimbisha mtutu na kusinyaza bodi. Rudi nyuma, kisha vuta. Mwenye kamera kubwa afunge tundu la lenzi hadi f/16, aweke kwenye tripodi, na atumie saa ya kuchelewesha ili kidole kisitikise. Kulifunga zaidi ya hapo huanza kulainisha picha nzima, kwa hiyo ni bora kupiga picha kadhaa za umbali tofauti na kuziunganisha kwa programu.

Taa iwe moja, kwa sababu jua ni moja. Vivuli viwili vikienda pande mbili, jicho linajua liko chumbani hata kama haliwezi kusema kwa nini. Na mahali pa taa patoke kwenye ramani. Picha za Ulaya zina vivuli virefu vya ubavuni. Lukaya, mahali ambapo majeshi yalipambana Machi 10 na 11, iko karibu kabisa na ikweta, na mwezi huo jua la adhuhuri linasimama utosini. Kivuli kinalala chini ya tumbo la kifaru, na nyuso zinajificha chini ya kofia. Kwa tukio la mchana naiinua taa juu kabisa, na kwa alfajiri naishusha hadi ilambe nyasi za kinamasi, ambazo ni nywele za brashi kuukuu ya kupakia ukuta.

Picha hizo, nikizigeuza kuwa nyeusi na nyeupe na kuzitia chenga kidogo, zinaweza kumdanganya mtu. Mpwa wangu aliisambaza moja kwenye kundi la familia bila maelezo, na kabla ya jua kuzama ilikuwa imerudi kwetu kutoka kundi jingine, ikiwa na maandishi kwamba ni kifaru chetu kikiingia Masaka. Mjomba mmoja alikuwa tayari amemtambua dereva.

Kwa vita vyenye picha chache kiasi hiki, hilo si jambo la kuchekea sana. Waandishi Tony Avirgan na Martha Honey walifuatana na jeshi na kuacha kitabu chenye ushahidi wa macho yao. Sitaki picha za meza yangu zichanganyike na ushahidi wa namna hiyo miaka hamsini ijayo. Kwa hiyo kila ninayoitoa nje ina kiberiti cha kawaida kando ya mnyororo, ndani ya fremu, mahali ambapo hakikatiki bila kukata na gurudumu. Mpwa analalamika kwamba kinaharibu picha. Nimemwambia anunue boksi lake.